Choo cha Meli, Fomu ya Kurasa Nne na Watoto Wangu Wawili

Hakuna aliyenionya kuhusu choo.

Nilikuwa nimejiandaa kwa miezi minne. Nilikuwa na orodha ya dawa, barua za daktari, picha za kila sitaha ya meli, jozi mbili za vizuia sauti vya masikioni, na jozi ya tatu ya akiba kwa kuwa jozi mbili hupotea. Halafu saa ya kwanza ndani ya chumba chetu, mwanangu wa kiume akamaliza haja yake, akabonyeza kitufe ukutani, na dunia ikamwangukia.

Choo cha meli hakimwagi maji kama cha nyumbani. Kinafyonza. Hewa ndani ya mabomba yake imeshanyonywa, kwa hiyo ukibonyeza, vali hufunguka na kila kilichomo huvutwa kwa mshindo mmoja. Katika bafu lenye ukubwa wa kabati, sauti ile ni kama mtu amechana turubai kando ya sikio lako. Mimi mwenyewe niliruka. Yeye alitoka mbio suruali ikiwa magotini, akajipenyeza chini ya kitanda na kukaa huko dakika arobaini. Meli ilikuwa bado imefungwa gatini. Mbele yetu kulikuwa na siku saba.

Nina watoto wawili. Humu nitawaita Mkubwa na Mdogo, maana majina yao ni mali yao. Mkubwa ni binti wa miaka 12. Ana mtindio wa ubongo na kifafa, anatembelea kiti cha magurudumu, na anaelewa kila kinachosemwa mbele yake pamoja na kile ambacho watu wanadhani hawajakisema. Maneno yake mwenyewe ni machache na hutoka kwa taabu, ndiyo maana akisema tunasikiliza. Mdogo ana miaka 8 na ana usonji. Huyu maneno anayo tele, na miguu anayo zaidi. Ukipepesa macho, hayupo.

Tuliposema tunakwenda safari ya meli ya kitalii, nusu ya ndugu walituona tumechanganyikiwa. Mtoto anayekimbia, umpeleke katikati ya bahari? Lakini mtu anayeuliza hivyo hajawahi kufungasha mizigo yetu. Katika safari kinachotumaliza ni kuhamahama: leo hoteli hii, kesho ile, kila mara kupanga upya dawa, nepi, mashine ya kusaga chakula cha Mkubwa, mto wa Mdogo ambao bila huo hakuna usingizi. Kila chumba kipya, Mdogo huanza upya kukagua kona zote. Kwenye meli unafungua mabegi mara moja tu. Unalala kwenye kitanda kile kile, unapita korido ile ile, na miji ndiyo inayokuja dirishani. Hilo ndilo lililonivuta, na katika hilo sikukosea. Nilichokosea ni fomu.

Kampuni nyingi za meli hukupa fomu ya mahitaji maalumu ukishalipia nafasi. Yetu ilikuwa na kurasa nne. Je, mtoto huondoka mahali bila kuaga? Niliandika: mara chache. Je, anahitaji mtu wa kuwa naye muda wote? Nikaandika: anahitaji kuzoeshwa kidogo mwanzoni. Je, amejifunza kutumia choo? Kwa Mkubwa hapo nilipaacha wazi, kana kwamba nimelisahau swali. Baba yao alisoma juu ya bega langu na kusema, "Hawa ni watoto wa nani?" Nilimjibu kwamba nisipowapamba hawatapokelewa. Mzazi wa watoto kama wangu huzoea kufanya kama muuza nyumba yenye ufa. Unapaka rangi kwanza, ufa atauona akishalipa. Tumeshafungiwa milango mingi kwa sababu ya kusema kweli mapema.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba hofu ile ilikuwa kubwa kuliko sababu yake. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria ya nchi hiyo inayokataza kuwabagua watu wenye ulemavu inazihusu hata meli zenye bendera za kigeni zinapokuwa katika maji yake. Umoja wa Ulaya una kanuni yake, namba 1177 ya mwaka 2010: mwenye meli haruhusiwi kukukatalia tiketi kwa sababu tu una ulemavu, isipokuwa pale masharti ya usalama au umbo la meli au bandari linapofanya isiwezekane, na lazima akueleze sababu. Kwa msaada wa kupanda na kushuka, kanuni hiyo inamtaka abiria atoe taarifa saa 48 kabla. Hizo saa 48 zisikudanganye lakini. Zinatosha kwa mtu wa kukusukumia kiti hadi melini. Chumba hutakipata kwa saa 48.

Chumba kiombe mapema, mapema kweli. Vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya viti vya magurudumu ni vichache katika kila meli na huisha kwanza. Na usikubali neno "kinafaa" bila namba. Chukua utepe wa kupimia, pima kiti cha mwanao kutoka ukingo wa nje wa gurudumu hadi ukingo wa nje wa lile jingine, kisha uliza upana wa mlango kwa sentimita. Mlango wa chumba cha kawaida melini huwa na karibu sentimita 60, na mlango wa bafu unaweza kuwa chini ya hapo. Vyumba vilivyotengenezwa kwa ajili ya kiti huwa na mlango wa sentimita 81 hivi, bafu lisilo na kizingiti, na nafasi ya kugeuza kiti ndani. Uliza pia kama kitanda kina uwazi chini yake, ikiwa mwanao anainuliwa kwa mashine. Uliza kama friji ya chumbani inapoza dawa sawasawa au inapoza soda tu. Mimi niliuliza hayo yote kwa simu, nikampigia mtu yule yule mara tano, mpaka akawa ananitambua kwa kikohozi.

Mdogo nilimwandaa kwa kijitabu. Wazazi wenye watoto wa usonji watakuwa wanazijua zile hadithi fupi zinazomweleza mtoto jambo litakalotokea, kwa sentensi chache na picha, yeye akiwa ndiye msimulizi. Mwalimu mmoja wa Marekani, Carol Gray, ndiye aliyezianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1990. Chetu kilikuwa na kurasa kumi na tisa. Nitasimama kwenye foleni. Mtu atanipiga picha. Nitapewa kadi, kadi ni ufunguo wangu. Nitasikia honi.

Honi nilikuwa nimeichunguza kama mwanafunzi anayengoja mtihani. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, zinataka meli yenye urefu wa mita 200 au zaidi iwe na honi ya desibeli 143 ikipimwa mita moja kutoka ilipo, inayosikika umbali wa maili mbili za baharini. Kwa wiki sita nilimchezea Mdogo video za honi za meli, siku ya kwanza kwa sauti ya mbu, kila siku nikiongeza. Siku yenyewe tulikuwa ndani, mbali na sitaha ya juu, vizuia sauti vichwani. Honi ililia mpaka kioo kikatetema. Mdogo alifungua kijitabu chake, akaweka alama ya vema ukurasa wa kumi na moja, basi.

Honi nikaishinda, choo kikanishinda.

Tulikitatua hivi: nafunga kifuniko, yeye anatoka mpaka koridoni, anahesabu kumi kwa sauti, mimi nabonyeza, halafu anagonga hodi. Siku ya tatu alikuwa anasimama mlangoni mwa bafu. Siku ya tano alibonyeza mwenyewe, vizuia sauti masikioni, akacheka kwa kicheko kile cha mtu aliyelipiza kisasi.

Ukinibana niseme sehemu ngumu kuliko zote ni ipi, ni saa sita za kwanza. Kila kitu kibaya kimejazana hapo. Foleni, mwanga mkali, watu elfu kadhaa wenye furaha ya kelele, chumba ambacho hakijawa tayari, na mabegi yaliyochukuliwa gatini ambayo yataletwa mlangoni kwenu jioni. Jioni! Dawa za kifafa zikiwa ndani ya begi hilo, umekwisha. Dawa zote, nepi za siku nzima, nguo za kubadilisha, mto wa usingizi, vyote vikae kwenye mkoba wa mkononi. Na uombe kupandishwa kabla ya wengine. Mdogo alivaa shingoni ule utepe wa kijani wenye picha za alizeti, ulioanzia uwanja wa ndege wa Gatwick mwaka 2016 kama ishara ya ulemavu usioonekana. Si bandari zote wanaoutambua, ila sisi binti mmoja wa mapokezi aliuona, hakuuliza lolote, akafungua kamba na kutupitisha pembeni. Nilitaka kumkumbatia.

Saa hizo hizo ndipo huja zoezi la dharura. Halikwepeki, wala hupaswi kutaka kulikwepa. Zamani meli iliruhusiwa kulifanya ndani ya saa 24 baada ya abiria kupanda. Januari 2012 Costa Concordia iligonga mwamba jioni ile ile iliyotoka bandari ya Civitavecchia, watu 32 wakafa, na abiria waliopandia hapo walikuwa bado hawajafanya zoezi. Tangu 2015 kanuni ya kimataifa inataka lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara inapoondoka. Ishara ya dharura ni milio saba mifupi na mmoja mrefu. Habari njema kwa watoto wetu ni kwamba meli nyingi siku hizi zimeacha kuwarundika watu wote sitahani. Unatazama video kwenye simu au televisheni ya chumbani, kisha unakwenda mwenyewe kwenye kituo chako cha kukusanyikia, wanakusomea kadi, unaondoka. Tulikwenda mapema wakati hakuna mtu. Baharia aliyekuwepo alimuuliza Mkubwa moja kwa moja, akiinama usawa wa macho yake, kama anataka kuona jaketi lake la kuokolea linavyofungwa. Kisha akatueleza sisi wazazi jambo ambalo kwenye video halikuwepo: lifti zisipofanya kazi, ni nani atakayemteremsha, kwa kiti gani maalumu, na kwa ngazi ipi. Uliza swali hilo hata kama hakuna anayelileta. Usingizi wa usiku ule ulitokana na jibu lile.

Sasa roshani. Mimi na baba yao tuligombana kuhusu roshani kwa wiki mbili. Yeye alitaka, akisema Mdogo hutulia akitazama maji. Mimi kila nikifumba macho nilikuwa naona kiti cha roshani kimesogezwa kwenye ukingo. Sheria ya Marekani ya usalama wa meli za abiria, ya mwaka 2010, inataka ukingo usiwe chini ya inchi 42, yaani sentimita 107 hivi. Mtoto wa miaka 8 akisimama chini, ukingo huo unatosha. Akisimama juu ya kiti, hautoshi. Tulichukua chumba chenye dirisha lisilofunguka, chini kiasi na katikati ya meli, mahali ambapo mtikisiko huwa mdogo zaidi. Wapo wenzangu wanaochukua roshani, wakamwomba mhudumu aondoe viti na kuweka komeo la juu, na wanasema wanalala vizuri. Mimi nisingelala. Kila mtu aujue moyo wake.

Wala dirisha halikutusaidia kwa mlango wa koridoni. Mlango wa chumba cha meli kwa ndani hufunguka kwa kushusha kitasa tu, kwa sababu za moto na dharura, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Asubuhi ya pili, kabla hata hakujapambazuka, niliamka nikakuta kitanda cha Mdogo kina mto peke yake. Sitaeleza dakika kumi na moja zilizofuata. Alikutwa sitaha mbili juu, miguu mitupu, amesimama mbele ya mlango wenye namba inayoishia kama yetu. Alikuwa anajaribu kurudi nyumbani. Korido za meli zinafanana kama mapacha, zulia lile lile, taa zile zile, na yeye husoma dunia kwa alama. Mfagiaji aliyemkuta alikuwa amekaa chini sakafuni karibu naye, wala hakumgusa, wakihesabu milango pamoja.

Siku ile nilifanya mambo matatu. La kwanza, niliweka kengele ndogo ya mlangoni niliyokuwa nimeibeba halafu nikaona haya kuitumia. La pili, nilibandika picha ya treni mlangoni kwa sumaku, maana milango na kuta za vyumba vya meli kwa kawaida ni za chuma na sumaku inakamata vizuri. La tatu lilikuwa gumu zaidi. Nilishuka mapokezi, nikaomba fomu yangu, nikasema nataka kuijaza upya.

Maana jana yake, siku ya kwanza kamili ya safari, klabu ya watoto walikuwa wamenipigia simu baada ya dakika ishirini. Mdogo alikuwa amepanda juu ya meza ya michezo, kaziba masikio, anapiga kelele, na yule kijana anayewasimamia watoto alikuwa na wengine kumi na watano wa kuwaangalia. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mama, ningejua ningemtayarishia kona." Nikamwona anavyotweta. Kijana wa watu, nilikuwa nimemwachia mzigo bila kumwambia uzito wake.

Katika fomu ya pili niliandika yote. Anakimbia. Hukimbia hasa akisikia watu wakipiga makofi. Usimshike mkono, simama mbele yake. Ukitaka atulie mpe kitu cha kuhesabu. Kwa Mkubwa niliandika kwamba anavaa nepi, anaweza kupata degedege, na kwamba hapendi kuzungumzishwa kama mtoto mchanga. Klabu za meli nyingi hazitoi mtu wa kukaa na mtoto mmoja peke yake, hazitoi dawa, na nyingine hazibadilishi nepi, kwa hiyo mzazi uwe karibu na simu. Lakini tulipatana: Mdogo aende asubuhi kabla watoto hawajajaa, dakika thelathini, akiwa na kikundi cha watoto wadogo kuliko yeye, maana michezo yao ndiyo anayoiweza. Siku ya nne alikaa saa nzima. Mimi na baba yao tulikaa kwenye viti viwili tukitazamana, hatukujua la kusema. Saa nzima!

Wapo waliokwisha kupiga hatua zaidi. Royal Caribbean mwaka 2014 ilitambuliwa kama kampuni rafiki kwa watu wenye usonji, kwa ushirikiano na Autism on the Seas, shirika lililoanza 2007 ambalo hupeleka wasaidizi wake melini kuzihudumia familia zilizojiandikisha nalo. Carnival wao, kwa kushirikiana na shirika la KultureCity, huazimisha mikoba yenye vizuia sauti na vitu vya kuchezea mikononi kwa mtoto anayezidiwa na kelele. Sisi hatukusafiri na yoyote kati ya hizo, na wafanyakazi waliotuangukia walikuwa watu wema tu. Wema peke yake, ukiuambia ukweli, unafika mbali.

Kuna jambo moja ambalo wema haukulifikia, nalo ni bwawa. Ukurasa wa kampuni ulikuwa na picha ya bwawa lenye lifti ya kumshusha mtu kutoka kwenye kiti. Mkubwa aliikodolea picha ile miezi minne. Maji ndiyo mahali pekee ambapo mwili wake humtii. Tulipofika, tukafungua lifti, akawa ameshavaa, mlinzi wa bwawa akauliza swali nililoliacha wazi kwenye fomu.

Anayevaa nepi haingii. Hata nepi za kuogelea haziruhusiwi. Nilibisha, nikataja lifti, nikataja picha, sauti ikanipanda mbele za watu. Baadaye nilisoma na kukubali kwamba mlinzi hakubuni. Mwongozo wa afya wa Marekani kwa meli za abiria hauruhusu watoto wanaovaa nepi kwenye bwawa lolote ambalo halikutengenezwa na kuidhinishwa kwa ajili yao, na kampuni nyingi hufuata sharti kama hilo. Sababu yake ipo: kuna kimelea cha kuhara, Cryptosporidium, kinachoweza kuishi siku kadhaa ndani ya maji yenye klorini, na meli ni mji uliofungwa, mmoja akiugua wanaugua mia. Naielewa sababu. Ninachowalaumu wenye ukurasa ule ni kuweka picha ya lifti bila kuweka mstari huo mmoja chini yake. Na najilaumu mwenyewe, maana ningejibu swali, mtu angeniambia kabla ya miezi minne ya kukodolea picha.

Mkubwa hakulia. Alisema "sawa", neno lake la watu wazima, akaangalia pembeni. Ningependa angepiga kelele.

Kulikuwa na sehemu ya maji ya kurukia, iliyotengwa kwa ajili ya watoto wachanga wanaovaa nepi, yenye kimo cha kiatu. Nilidhani ataona ni tusi. Baba yao alimuuliza, akatafakari, akakubali. Tulimlaza chali kwenye maji yale mafupi, watoto wachanga wakimzunguka kama bata, maji yakimrukia usoni kutoka kwenye bomba lenye umbo la pweza. Alikaa hapo mpaka vidole vikakunjamana. Kila siku alitaka kurudi, na mimi kila siku nilikuwa na uchungu ambao yeye tayari alikuwa ameshautupa.

Chakula nitakipita haraka, maana hakikutusumbua. Tulichagua kula kwa zamu maalumu, meza ile ile, wahudumu wale wale, kila jioni. Epuka ule mpango wa kula saa yoyote popote, hata kama unaonekana huru zaidi. Jioni ya tatu mhudumu wetu alikuwa anamwekea Mdogo sahani ambayo vitu vyake havigusani, na cha Mkubwa kilikuja kimesagwa, kila kitu na rangi yake, badala ya ule uji wa kijivu tunaopewa mahali pengi.

Usiku mmoja bahari ilichafuka. Meli kubwa zina mapezi ya chuma yanayotokeza ubavuni chini ya maji kupunguza kuyumba, lakini kupunguza si kuondoa. Mdogo alifurahia. Mkubwa alitapika, na hapo hofu ni ya dawa: akitapika dawa ya kifafa nusu saa baada ya kuimeza, unarudia au unangoja? Jibu la dawa yake nilikuwa nalo limeandikwa na daktari wake, pamoja na orodha ya dawa za kichefuchefu asizopaswa kupewa. Nenda nalo la mwanao. Zahanati ya meli ina daktari na wauguzi, ila si hospitali, bili yake huwekwa kwenye akaunti yenu, na bima ya nyumbani mara nyingi haifiki baharini. Kata bima ya safari inayotaja ulemavu wa mtoto kwa jina na inayolipia kuhamishwa mgonjwa hadi nchi kavu. Ukiuficha ulemavu kwenye bima, afadhali usingekata.

Bandari tatu tulifunga gatini, daraja likashushwa, kiti kikapita. Ya nne ilikuwa na kina kidogo, meli ikatia nanga mbali, abiria wakapelekwa na boti ndogo. Siku ile mawimbi yalikuwa yanaipandisha boti na kuishusha, na nahodha akakataza viti vya magurudumu. Ana haki hiyo, na nilipoiona boti inavyoruka nilimshukuru. Ratiba ya safari huonyesha ni bandari zipi ni za boti. Itazame kabla hujalipa. Sisi tuligawana. Baba yao akaenda na Mdogo, mimi nikabaki na Mkubwa, nikiwa nimejiandaa kumliwaza.

Meli ilikuwa tupu. Lifti ambazo kila siku tulizingoja robo saa huku watu wenye miguu mizima wakijisonga mbele yetu, siku hiyo zilifunguka kwa kubonyeza mara moja. Tulipanda na kushuka sitaha kumi na nne bila sababu. Ukumbi wa maonyesho haukuwa na mtu, mpiga kinanda alikuwa anafanya mazoezi, akamwona, akampigia wimbo mzima. Mkubwa alinyoosha mkono wake ule unaokataa kunyooka, akagusa kinanda. Niliambiwa na wazazi wengine baadaye kwamba wao hubaki melini siku za bandari kwa makusudi. Mimi nilifikishwa huko na mawimbi.

Usiku wa mwisho wanakutaka uweke mabegi nje ya mlango yachukuliwe. Usifanye hivyo ukiwa na mtoto kama Mdogo. Aliyaona yanaondoka, akaamini tumeibiwa, tukalala saa tisa. Unaweza kuomba kushuka na mizigo yako mwenyewe. Hilo tumelijua tukiwa tumechelewa.

Nyumbani, usiku wa kwanza, Mdogo alisimama katikati ya sebule amepanua miguu.

"Mama, nyumba inatembea."

Nami nilikuwa nimeshikilia ukuta. Mwili uliozoea mawimbi hauamini upesi kwamba sakafu imetulia. Nikamwambia ndiyo, inatembea kidogo.

"Kesho tunafika wapi?"

"Shule."

Mkubwa, ambaye hakuwa amesema neno tangu tuteremke, aliinua kichwa kutoka kwenye kiti chake.

"Boti?" akauliza.

"Hapana, mama. Gati."

Akaegemea, akafumba macho.

"Sawa," akasema.